Uzi Uliotafunwa

Kitu cha kwanza alichokiona Nuriat kilikuwa ncha ya uzi. Uzi wenyewe ulikuwa mweupe, wa kawaida tu, lakini ncha yake ilikuwa bapa na ngumu, tena imeingia rangi ya kahawia. Aliipapasa kwa kidole gumba akatambua kwamba ililowa mate, ikakauka. Mtu alikuwa ameukata uzi huo kwa meno. Akajifuta kidole kwenye sketi, akaendelea na kazi kana kwamba hakuna kitu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, sebuleni kwa Bi Sada, mtaa wa Nshambya mjini Bukoba, na kazi yake ilikuwa kufumua vitabu.

Bi Sada alikuwa mwalimu mstaafu, miaka thelathini na mmoja mbele ya ubao. Mwezi wa kwanza aliwakusanya wenzake akawaambia kwamba mwaka huu hawatakaa wakisengenya watu, watasoma. Vitabu kumi na viwili, kimoja kila mwezi, na vyote vya aina moja: riwaya za upelelezi zile za upole, ambazo mtu anauawa lakini damu haionekani, na anayemtafuta muuaji si askari bali ni mpishi, au mkunga, au mama wa duka la vitambaa. Binti wa mmoja wa wenzake hao, Bi Farida, anayeishi Dar es Salaam, ndiye aliyekuwa akivituma kwa basi, nakala nne kila mwezi. Na kwa kuwa kila mtu anajua wasomaji walivyo wepesi wa kuchungulia mwisho, Bi Sada alitunga sheria: sura ya mwisho ya kila nakala ishonwe kwa uzi. Siku ya kikao kila mmoja aandike jina la muuaji kwenye kikaratasi akitumbukize katika bakuli, ndipo nyuzi zikatwe na sura isomwe kwa sauti. Aliyepatia anawekewa alama kwenye kalenda ya ukutani. Atakayemaliza mwaka akiwa na alama nyingi ndiye atakayevichagua vitabu vya mwaka unaofuata.

Nakala zilipelekwa kushonwa kwa fundi Saburi, karibu na soko la Bukoba, ambako Nuriat alikuwa anajifunza ushonaji. Yeye ndiye aliyezipiga bandi, mishono ya mkono, zote nne ukingoni bila kunyanyua uso. Bi Sada alipokuja kuzichukua, msichana akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Ndani yake kuna nini, Mwalimu?"

Mtu mwingine angejibu kwamba ya humo hayamhusu. Bi Sada alivua miwani, akamtazama, akasema, "Njoo usome, mwanangu. Nakala moja haina mwenyewe."

Kwa neno hilo Nuriat angeweza kumfulia nguo mwaka mzima bila kulipwa. Alikuwa ameishia darasa la tano. Kusoma anajua, lakini kwa mwendo wa kinyonga, herufi zinamjia moja moja na anazisogeza kwa kidole. Kitabu kimoja kilimla mwezi mzima. Wenzake waliruka kurasa za maelezo ya bustani na mapazia. Yeye hakuweza kuruka, maana akiruka hajui amefika wapi. Kwa hiyo aliviona vyote: nani aliosha kikombe kisicho chake, nani alisema mvua ilinyesha siku ambayo haikunyesha. Kufikia mwezi wa saba alikuwa na alama tano kwenye kalenda. Bi Farida, muuza vitenge, alikuwa na mbili. Eufrazia, muuguzi wa zahanati moja njia ya kwenda Kashozi, alikuwa na tatu. Bi Sada alikuwa na saba kwa saba, hajakosa hata mara moja.

Vitabu vyenyewe vilimchefua. Hilo hakumwambia mtu. Ukurasa wa nne mtu amekutwa stoo amekufa, ukurasa wa sita watu wanakata keki. Maiti wa humo hakunuka. Hakuvimba, hakuhitaji kuoshwa. Nuriat aliishi nusu ya utoto wake kisiwani, upande wa Muleba, ambako mama yake ananunua kwa wavuvi dagaa wa kuanika. Alikuwa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, siku mvuvi mmoja, Bundala, alipovutwa kutoka majini baada ya siku nne. Harufu ile ilikaa kwenye kanga za wanawake hadi wakazichoma, na kwa wiki mbili hakuna aliyetia samaki mdomoni, watu ambao hawana chakula kingine. Vitabuni walikunywa chai. Na muuaji alikuwa yule yule kila mwezi kwa jina jingine: mtu mpole, mwenye maneno matamu, wa kwanza kupeleka chakula msibani.

Basi kwa nini aliendelea? Kwa sababu zamu yake ya kueleza ilipofika, wanawake watatu watu wazima walinyamaza wakamngoja. Shuleni Kamachumu, alikokaa kwa bibi yake, watoto walikuwa wakiziba pua anaposimama, eti ananuka dagaa. Kwa Bi Sada hakuna aliyeziba pua. Mara moja kwa mwezi, kwa dakika kumi, Nuriat alikuwa msomaji kama wasomaji wengine, na kitu hicho hakuwa nacho mahali pengine popote duniani.

Ndiyo maana ncha ile ya uzi ilimsumbua. Yeye hakati uzi kwa meno. Fundi Saburi alimkataza siku ya kwanza kabisa: "Wembe upo, binti. Mteja hakununua mate yako." Isitoshe, ncha ile ilitoka kwenye nakala ya Bi Sada.

Bi Sada alikuwa mtu wa akamwani, ile kahawa ya kutafuna inayochemshwa na majani kisha ikakaushwa. Punje haikukosekana shavuni mwake tangu asubuhi, na meno yake ya mbele yalikuwa yamefanya rangi ya udongo. Mwezi wa tisa Nuriat alipofumua nakala ile ile alikuta ncha nyingine, nayo imetafunwa. Wa kumi, vivyo hivyo. Karatasi ilikuwa na matundu ya sindano mawili mawili: la kwake, na la mtu mwingine pembeni. Kila mara alichukua kile kipande cha uzi kwa ncha za kucha, pumzi ameibana, akakitia kwenye kiberiti kitupu. Hakujua anakiweka kwa kazi gani. Alichojua ni kwamba mwalimu wake alikuwa anakaa chumbani mwake mlango umefungwa, anafumua uzi, anasoma mwisho, analamba ule uzi ili upite kwenye tundu la sindano, anashona upya, anauma. Halafu anakuja sebuleni, anakuna kidevu na kusema, "Mimi hisia zangu zinaniambia ni yule mjane."

Nuriat alinyamaza. Mtu aliyekwambia "njoo usome" unamwambiaje kwamba umeona mate yake?

Kikao cha mwezi wa kumi na moja kiliangukia msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Bi Sada alikaanga sinia zima, na wanawake walikuwa wakila huku wanaongea, vidole vinang'aa mafuta, miguu ya senene imenasa kwenye midomo.

"Mimi safari hii ni daktari wa meno," alisema Bi Farida, anatafuna. "Mwanamume anayejipulizia manukato kabla ya chai ana lake jambo."

"Kwa hiyo mumeo naye ni muuaji," alisema Eufrazia.

"Mume wangu? Huyo panya akiingia ndani anamwita jirani!"

Wakacheka. Bi Farida, machozi ya kicheko bado machoni, akanyoosha mkono wenye mafuta kuchukua nakala yake, akachukua ya Bi Sada. Akaigeuza. Kicheko kikamkauka.

"Mbona hii ina matundu mawili mawili?"

Bi Sada aliacha kutafuna.

"Tazameni. Yangu ina mstari mmoja, hii ina miwili. Kuna mtu alifumua akashona tena." Akawatazama mmoja mmoja, kama alivyojifunza vitabuni. "Humu ndani mwenye sindano ni nani?"

Macho yote sita yakamgeukia Nuriat.

Ulimi ulikuwa pale, maneno yalikuwa pale, lakini kati yake palikuwa na ukuta. Aliujua ukuta ule.

"Ngoja kwanza," Eufrazia alisema polepole. "Tangu mwezi wa kwanza najiuliza nimemwona wapi huyu binti. Wewe si ulisoma Kamachumu? Ukakaa kwa bibi yako, yule bibi wa migomba chini ya barabara? Mawe, mama wee! Wewe ndiye yule mtoto wa saa ya mwalimu!"

"Saa gani tena?" aliuliza Bi Farida.

"Saa ya mkononi ya mwalimu wao ilipotea mezani. Huyu ndiye aliyekuwa na zamu ya kufagia. Mdogo wangu Selestine alisoma naye. Wanasema alisimamishwa mbele ya shule nzima, akaulizwa, hakujibu hata neno. Kesho yake hakuonekana tena."

Hayo yote yalikuwa kweli. Alisimamishwa, akaulizwa, ukuta ukaja. Wakangoja kidogo, kisha wakauchukua ukimya wake kuwa ndiyo jibu. Bibi alilia. Mama akaja kumchukua akampeleka kisiwani kugeuza dagaa, na darasa la tano likaishia hapo.

Sasa Nuriat alimtazama Bi Sada. Alimtazama kwa nguvu zake zote, maana mtu mmoja tu katika chumba kile alijua ukweli kama yeye, na mtu huyo alikuwa na ulimi usioshindwa na kitu.

Bi Sada alimeza. Akatabasamu, yale meno ya udongo yakaonekana.

"Basi, waitu, ndugu zangu, basi. Tusimwandame mtoto wa watu," alisema. "Sote tuna udhaifu. Nakala ni yangu, na mimi nimemsamehe."

"Mwalimu una moyo," alisema Bi Farida.

"Ila kwa ajili ya haki," Bi Sada aliendelea, akasimama na kwenda kwenye kalenda, "tuseme mwezi ujao ashone tu. Asiandike jina. Mwakani tutaona." Akachukua kalamu, akaupitisha mstari juu ya jina la Nuriat, taratibu, mstari ulionyooka vizuri, wa mtu aliyesahihisha madaftari miaka mingi. Halafu akarudi, akamsogezea sinia. "Kula, mwanangu. Usikae na njaa."

Nuriat alichukua senene mmoja kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Alimshika mdomoni bila kumtafuna, akafumua nyuzi kama kawaida na kukificha kipande cha nne kwenye kiberiti, hadi kikao kilipokwisha na akaaga na kutoka, na alipofika kwenye migomba ya kwanza barabarani akainama akamtema, na chai ikamfuata, na kila alichokula tangu asubuhi. Alikaa pale amejishika magoti. Kushukiwa alikuwa amekuzoea. Kilichomgeuza matumbo ni ule msamaha, ambao bado aliusikia mwilini, wa vuguvugu, umelowa mate.

"Una nini wiki nzima unashona mikono ya mashati kinyumenyume?" fundi Saburi aliuliza, mguu umesimama juu ya pedali ya cherehani.

Akamweleza, kwa vipande vipande. Fundi, ambaye hajapata kusoma kitabu chochote zaidi ya kile cha mitindo ya suti, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kucheka.

"Kwani vitabu vyote vinne mwisho wake si mmoja?"

"Ni mmoja."

"Na kabla hujavishona vinakaa wapi?"

"Hapa. Kwenye kabati."

"Sasa wewe ufumue cha Mwalimu ili iweje? Ungetaka kuiba ungesoma kabla ya kushona, ukashona, ukalala." Akatikisa kichwa. "Wamesoma kesi kumi na moja, wote watatu, na hilo hawakuliona? Mungu awasaidie. Na wewe hukuwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Mdomo huo umeuweka wa kulia ndizi za ebitoke tu?"

Aliinamia shati lake akaendelea kushona. Lakini usiku na mchana wa siku zile alilirudia jambo hilo. Hawakukosa kuliona kwa ujinga. Eufrazia anakokotoa dozi za wagonjwa, Bi Farida hakuna anayemshinda kwenye biashara. Hawakutaka kuliona. Kuliona kungekuwa na gharama, na msichana wa dagaa hana gharama. Hapo ndipo alipogundua jambo geni: miaka yote watu wengine ndio waliomwonea kinyaa yeye. Sasa kinyaa kilikuwa chake, na hakikumwinamisha kichwa. Kilimnyoosha mgongo.

Kitabu cha kumi na mbili kilikuja. Alizishona kwanza nakala zote nne, nyuzi akazikata kwa wembe. Kisha akaisoma yake hadi kwenye uzi, kidole chini ya kila mstari, ingawa hakuruhusiwa kuandika jina.

Siku ya kikao palikuwa na maandazi, na kitambaa kipya cha meza. Bi Sada alikuwa amevaa kitenge cha sherehe, maana mwaka ulikuwa unakwisha na alama zake zilikuwa kumi na moja kwa kumi na moja. Alimpokea Nuriat mlangoni kwa mikono miwili, akamketisha karibu naye, mbele ya wenzake. Kisha akafungua kikebe chake cha akamwani, akamimina punje kiganjani na kumnyooshea.

Wote walijua maana yake. Kwao, kahawa itokayo kwenye kiganja cha mtu haikataliwi. Ukiipokea na kuitafuna, yaliyopita yamekwisha na ninyi ni ndugu. Ukiikataa, umetangaza uadui ndani ya nyumba ya mtu.

"Chukua, mwanangu," alisema Bi Sada. "Tumalize mwaka kwa amani."

Nuriat aliziangalia punje. Kiganja kilikuwa na unyevu, na punje moja ilikuwa imeganda kwenye mkunjo wa ngozi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kiberiti, akakisukuma wazi na kukiweka mezani katikati ya maandazi. Vipande vinne vya uzi vilikuwa humo, vyenye ncha bapa, za kahawia.

"Sichukui," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

"Binti!" alisema Bi Farida. "Unakataa kahawa ya mtu mzima?"

"Mimi nakata uzi kwa wembe. Hizi zimekatwa kwa meno. Za mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Zote za nakala ya Mwalimu." Ukuta ulikuwa unakuja. Akaendelea kabla haujafika. "Vitabu vinakaa kwangu kabla ya kushonwa. Vina mwisho mmoja vyote. Ningetaka kuiba ningesoma kwanza, ndipo nishone. Ningemfumulia nini Mwalimu?"

Eufrazia alikivuta kiberiti, akachungulia kwa jicho la muuguzi. Hakugusa. Akamtazama Bi Sada mdomoni, kwenye meno, kisha akakisukuma kiberiti mbali na sahani yake.

"Mawe," alisema polepole.

Kiganja cha Bi Sada kilikuwa bado hewani. Alikifunga.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya darasani. "Kila mtu mjini hapa ananiita Mwalimu. Ningekosa mbele ya mtoto wa darasa la tano? Mwezi wa kwanza nilikuwa..." Akaacha. "Ni mchezo tu, jamani. Tunauana kwa mchezo?"

Nuriat alingoja. Kitabuni, mahali hapa ndipo watu wanaposimama kumkabili muuaji. Bi Farida alisafisha koo, akaitazama chupa ya chai, akaitazama kalenda, akamtazama Bi Sada, aliyemkopesha miwani, aliyewafundisha wanawe wote wawili.

"Mwalimu kasema kweli, ni mchezo," alisema hatimaye. "Tusiharibu siku kwa nyuzi. Tunywe chai kwanza, maandazi yanapoa."

Na chai ikamiminwa. Vikombe vikapita mkono kwa mkono, sukari ikakorogwa, mtu akasifia iliki. Ilikuwa vile vile kama ukurasa wa sita. Kiberiti kilibaki mezani kimefunguliwa, na mkono wa Bi Farida ulikizunguka kufuata andazi.

Nuriat alisimama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshiba, ile shibe mbaya inayokufanya uondoke mezani. Alikichukua kitabu chake cha kumi na mbili, akautoa wembe wake, akaukata uzi pale pale. Akasoma mistari miwili mitatu ya mwanzo wa sura kimoyomoyo, kidole kikitembea. Alikuwa amepatia. Alikifunga, akakitia kwapani.

Mlangoni aligeuka. Hakumtazama Bi Sada. Alimtazama Eufrazia, ambaye kikombe chake kilikuwa bado kimejaa, hajakigusa.

"Dada Eufrazia," alisema, na ukuta ulikuwa umefika, mrefu, ni ule ule wa Kamachumu, naye akapita. "Ukienda nyumbani, mwambie Selestine na wengine. Ile saa ya mwalimu, sikuichukua mimi."